Sauti Kubwa Ishushwe, Ndogo Ipandishwe

Ijumaa, 1 Machi

Nimechoka. Naliandika hilo kwanza, nisije nikalisahau.

Leo mkuu wa idara, Profesa, ametuita ofisini mimi na Miwani. Ametupa habari huku akitafuta kalamu yake chini ya makaratasi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Idara inahamia jengo jipya. Huko tumetengewa chumba kimoja tu. Kwa hiyo utafiti mmoja utaendelea na mwingine utafungwa. Jopo la watu watatu litakuja Ijumaa ijayo. Kila mtu aonyeshe kazi yake kwa robo saa.

Miaka sita! Robo saa!

Miwani ndiye ninayegawana naye chumba. Tunakaa tumepeana migongo, yeye na picha zake, mimi na sauti zangu. Ukimpiga mtu picha akiwa amesimama dirishani, ama dirisha linaungua kwa mwanga, ama uso wake unakuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Miwani anaubana mwanga huo. Palipong'aa mno anapashusha, palipo giza anapainua, mpaka uso na dirisha vyote vionekane. Mimi nafanya hivyo kwa sauti. Kubwa ishushwe, ndogo ipandishwe, ili msikilizaji asikose neno wala asirushwe kitini. Kazi yangu ni ngumu zaidi. Nimeshalisema hili mara nyingi, hata pasipotakiwa.

Shida ni kwamba Miwani anatundika picha mbili ukutani, ya kabla na ya baada, na watu wanasema, "Aaah!" Katika miaka sita hakuna aliyewahi kusema "Aaah!" mbele ya grafu yangu. Mmoja alipiga mwayo. Alikuwa Profesa.

Nahitaji sauti za watu hai. Si zile sentensi zangu za siku zote, nilizozisoma mwenyewe chumbani nikiwa na mafua. Nahitaji mtu wa kelele na mtu wa kunong'ona, meza moja.

Jioni nimerudi nyumbani. Shangazi alikuwa uani akimwita mke wangu. Nimemsikia nikiwa kituo cha basi. Mke wangu alikuwa akimjibu. Sikumsikia hata nikiwa mlangoni.

Nimesimama hapo na ufunguo mkononi. Maabara ninayo nyumbani!


Jumapili, 3 Machi

Nimetega. Kinasa sauti cha idara, kidogo kama kiberiti, nyuma ya chupa ya chai. Sikumwambia mtu. Mtu akijua anarekodiwa huanza kuongea kama msoma taarifa ya habari. Hii ni sayansi, si umbea.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Alikuja kwetu kwa wiki mbili, kutibiwa goti. Huu ni mwaka wa tatu. Goti lilipona zamani. Leo ametueleza habari za mtaro wa jirani kuanzia kijiko cha kwanza mpaka matunda. Dakika arobaini. Mshale wa kinasa sauti uligonga mwisho ukabaki huko huko.

Mke wangu amesema mara tatu. Ameuliza kama nataka chumvi. Ameuliza kama Shangazi anataka maji. Kisha amesema kwamba mtaro huo tulielezwa pia Jumapili iliyopita. Hilo la mwisho nimelisoma midomoni.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, sekondari. Watu huniuliza anafundishaje kwa sauti ile. Siku moja nilikwenda kuchungulia dirishani. Anaongea hivyo hivyo, na wanafunzi hamsini wanaacha hata kukohoa. Sijui anafanyaje. Hakuna grafu inayoeleza.

Baadaye amekusanya vyombo akaenda kuosha, na Shangazi akaendelea na mtaro. Nimepata nilichotaka. Nimelala mchana usingizi wa mtu mwema.


Jumatatu, 4 Machi

Mambo yameharibika.

Nimeipitisha rekodi kwenye mashine. Mwanzoni, maajabu! Shangazi ameshuka mpaka kiwango cha binadamu. Vitu vidogo vyote vimepanda. Friji. Saa ya ukutani. Mbwa wa mtaa wa pili. Kuna mtu anatafuna kama ng'ombe aliyefunguliwa shambani. Nilidhani ni Shangazi. Ni mimi.

Dakika ya arobaini na nne, nyuma ya mtaro, kuna maji ya bomba. Sufuria. Halafu sauti ya mke wangu, yuko peke yake jikoni, anajisemea. Nikapandisha. Ikaja safi kana kwamba amenikalia begani.

"Barua nimeshaijibu. Nitaenda. Nikimwambia sasa, ataanza kutunga mpango."

Nimesikiliza mara kumi na moja. Mara ya tano nilitambua jinsi herufi ya "sh" ilivyotoka bila mkwaruzo. Kazi nzuri! Mara ya sita nilikumbuka kwamba maneno yenyewe yananihusu.

Barua gani? Aende wapi? Na mimi natunga mipango lini?

Miwani amegeuka akaniuliza kama niko salama, maana uso umepoteza rangi. Mtu wa picha hakosi kuona. Nimemwambia chakula kimenikataa.

Njiani nimepiga moyo konde. Nitamwuliza mke wangu waziwazi, mtu na mkewe. Nimemkuta anasahihisha madaftari. Ameweka kalamu chini, akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Kisha nikajifungia bafuni kufikiri. Kumwuliza sasa ni kumshtua. Kwanza nipate ushahidi wa kutosha. Kesho kinasa sauti kitalala jikoni.


Jumanne, 5 Machi

Nilikiacha nyuma ya kopo la sukari. Nimerudi, hakipo.

Shangazi ameeleza. Amekuta kidude kinawaka taa nyekundu, kimeshika mafuta na vumbi, akajua ni kile cha kufukuza panya. Amekiosha. Kwa sabuni. Nimekikuta uani kwenye kamba ya nguo, kimebanwa kwa kibanio, kati ya soksi zangu mbili.

Kwenye fomu ya idara nimejaza kwamba kifaa kimepatwa na unyevu.

Mke wangu ametoka na beseni la nguo. Amekitazama kidude. Amenitazama mimi. Amekitazama tena. Ameanza kuanika. Ukimya wa namna ile hauna hata wimbi la kupandisha.

Kwa hiyo ya Ijumaa itabidi iwe rekodi ile ile ya Jumapili. Nyingine sina, na kifaa kingine sipewi. Nitaikata ile sehemu ya jikoni, basi.


Jumatano, 6 Machi

Miwani amempiga Profesa picha! Dirishani, ofisini kwake, mkono kidevuni. Profesa mwenyewe! Hiyo ndiyo ataionyesha jopo, itachapishwa kubwa kama mlango. Sijawahi kuona kujipendekeza kwa kiwango hicho. Nimejilaumu siku nzima kwa nini sikuwahi kuirekodi sauti ya Profesa.

Kwenye kompyuta ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nje miti inaonekana, ndani uso, kunyanzi moja moja, mpaka kovu la sindano begani ungedhani utaliona.

Saa saba Miwani amekwenda kula. Hafungi kompyuta yake. Ananiamini. Tabia mbaya sana hiyo katika utafiti.

Nimegeuza mstari wa mwangaza juu chini. Panapopaswa kuinuliwa pakazama, panapopaswa kuzama pakainuka. Uso wa Profesa ukaingia gizani. Nikahifadhi, nikatuma kwa mchapaji, nikarudi kitini. Nikafungua kitabu nisome, kumbe nimekishika kichwa chini.

Nilipokuwa pale nimeiona hesabu yake kwenye kioo. Ina sura ninayoijua. Sikutaka kuitazama sana.


Alhamisi, 7 Machi

Picha imeletwa. Miwani ameikunjua ukutani, na Profesa akaingia papo hapo.

Dirisha linawaka. Nusu ya uso iko kivulini. Kunyanzi hazipo. Upara haupo. Profesa anaonekana kama mtu aliyewahi kupindua serikali, kisha akaisamehe.

Amesimama mbele yake muda mrefu. Mwishowe amesema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwelewa namna hii. Anataka nakala ya ofisini na nyingine ampelekee mama yake. Miwani amejikuna kichwa, akakiri kwamba hata yeye hajui imetokeaje.

Nimekwenda chooni nikakaa tu.

Huko ndiko wazo limenijia. Yeye ana picha, mimi nina makoo yenyewe! Nitawaleta Shangazi na mke wangu wakae mbele ya jopo. Wawasikie kwa masikio yao, halafu wasikie mashine. Ushahidi hai.

Shangazi ameuliza kama kutakuwa na kipaza sauti. Nimesema hapana. Amesema hata hivyo hakihitaji. Mke wangu amesema ana kipindi. Kisha amefikiri, akasema atakuja, maana kuna jambo anataka tuzungumze nikishamaliza.

Nimeifupisha rekodi iwe ya dakika tano, kisha nikaikata ile sehemu ya jikoni. Sasa nina faili mbili, yenye jikoni na isiyo na jikoni, moja nimeiita "Mwisho" na nyingine "Mwisho Kabisa". Nimeandika kwenye kikaratasi ipi ndiyo ipi. Shangazi amekitumia kufungia vitunguu saumu.


Ijumaa, 8 Machi

Niandike upesi kabla sijajionea huruma.

Miwani ametangulia. Picha mbili. "Aaah!" Profesa amesimama kando ya sura yake ili watu walinganishe.

Mimi nikafuata. Shangazi alikaa mstari wa mbele, kavaa nguo ya kutokea, akiamini ndiye mgeni rasmi. Mke wangu kando yake, mkoba mapajani. Nimechezesha kwanza rekodi ghafi, kwenye spika kubwa za ukumbi. Watu wameziba masikio. Shangazi ametikisa kichwa kwa kuridhika. Mama mmoja wa jopo, mwenye kalamu nyekundu, ameuliza huyo mzungumzaji wa pili yuko wapi. Nikasema asubiri.

Nikafungua "Mwisho Kabisa".

Ilikwenda vizuri! Shangazi alisikika mpole kama mtangazaji wa vipindi vya akina mama. Watu wakainama mbele. Vijiko. Saa. Mbwa. Kutafuna kulipokuja nimesema ni mashine. Mke wangu akaniuliza kama nataka chumvi na ukumbi mzima ukasikia kila herufi. Nikaanza kufikiri rangi ya kuta za chumba kipya.

Halafu maji ya bomba.

Nimeruka kwenye kompyuta. Nikabonyeza cha kuzima. Hakikuwa cha kuzima. Kilikuwa cha kuongeza.

"BARUA NIMESHAIJIBU. NITAENDA. NIKIMWAMBIA SASA, ATAANZA KUTUNGA MPANGO."

Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, watu wote wakasema kwa pamoja, "Aaah!"

Shangazi akageuka kitini. "Uende wapi, mwanangu?"

Mke wangu amesimama. Hakunitazama. Ameliambia jopo, kwa sauti yake ile ile, kwamba maneno ni yake, kwamba aliyasema jikoni kwake akiosha sufuria, na kwamba hakuna aliyemwambia anarekodiwa. Ukumbi ulikuwa kama darasa lake. Hakuna aliyekohoa. Mama wa kalamu nyekundu ameniuliza ziko wapi fomu za ridhaa. Nimesema ziko njiani.

Tumesubiri uamuzi nje ya ukumbi, mimi na mke wangu, karibu na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

"Ni ukuu wa shule," amesema. "Shule ya wasichana. Ni safari ya siku nzima kwa basi. Barua ilikuja wiki tatu zilizopita."

Nimeuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nangoja siku utakayoniuliza habari zangu, halafu ukae usikie jibu. Jumatatu nilidhani siku imefika. Ulikuja ukasimama mlangoni, nikaona kabisa una neno. Nikaweka kalamu chini. Nikakuuliza kuna nini."

"Nikasema hakuna."

"Ukasema hakuna. Kesho yake nikakuta kinasa sauti kwenye kamba ya nguo."

Nimetazama ule mchanga. Kuna mtu alikuwa amezima sigara humo.

"Sasa nakuuliza wewe," amesema. "Usinitungie kitu. Niambie tu unataka nini. Nibaki? Uje? Niende peke yangu, nije likizo? Lolote. Nitalisikia."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Profesa akatoa kichwa mlangoni akaniita ndani.

Mama wa kalamu nyekundu alikuwa amechukua karatasi yangu ya hesabu na ya Miwani, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Hesabu ni ile ile. Herufi tu ndizo tofauti. Yeye ameuliza, kwa upole ulioniuma zaidi kuliko tusi, kama katika miaka sita hakuna kati yetu aliyewahi kugeuka. Miwani amesema yeye aliligundua hilo tangu mwaka wa pili na alitaka kuniambia, lakini kila akigeuka mimi hufunika karatasi kwa mkono.

Ni kweli. Nilikuwa nafunika.

Utafiti utakuwa mmoja, chumba kimoja, kiongozi Miwani. Mimi ni msaidizi, upande wa sauti. Rekodi ya Jumapili ifutwe. Nihudhurie mafunzo ya siku mbili kuhusu ridhaa. Miwani amenipa mkono kwa furaha ya kweli. Inachosha kumchukia mtu kama yule.

Nilipotoka, palikuwa na ndoo ya mchanga peke yake. Mke wangu na Shangazi walikuwa wamewahi basi la nyumbani.


Jumatano, 13 Machi

Siku ya pili ya mafunzo. Nimejifunza kwamba mtu huulizwa kwanza, ndipo arekodiwe. Wengine darasani waliandika. Mimi niliinamisha kichwa ionekane naandika.

Nyumbani kuna masanduku sebuleni. Mke wangu anafunga vitabu kwa kamba. Nimemsaidia kushika fundo kwa kidole. Amesema lile swali lake bado lipo, na neno moja linatosha. Nimesema nalifanyia kazi. Ameniuliza linahitaji kazi gani. Nimesema ni lugha tu ya ofisini.

Shangazi naye anafunga sanduku! Anasema mkuu wa shule hawezi kuhamia mahali bila mtu mzima wa kumsaidia kupanga vyombo. Nimemkumbusha kwamba yeye ni shangazi yangu mimi. Amesema anajua, na amenipa pole.


Jumamosi, 16 Machi

Wameondoka asubuhi.

Nimebeba mizigo mpaka stendi. Shangazi alikuwa akimfundisha dereva namna ya kufunga buti. Mke wangu alisimama karibu nami, akanisogezea sikio kabisa, kama mtu anayetaka kusikia vizuri. Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni, limeshaiva. Nikasema nitampigia simu.

Amenifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akapanda.

Basi limekata kona. Shangazi nimemsikia mpaka mzunguko wa pili wa barabara. Mke wangu sikumsikia. Labda hakusema kitu.

Nimerudi nikakaa kwenye kiti chake, kile cha kusahihishia madaftari. Kiti kirefu mno kwa meza ile. Miaka yote ile magoti yake yalikuwa yakigonga meza, wala sikujua.


Jumapili, 17 Machi

Nyumba tupu. Nimekaa na simu mapajani tangu saa nne asubuhi.

Najua cha kufanya. Kimeelezwa mara mbili kwa lugha nyepesi. Napiga, nasema "Nataka nije," nanyamaza, namsikiliza. Hata mtoto wa chekechea anaweza. Chumba kipya si changu, Miwani ni bosi wangu, na shule ya wasichana yenye mkuu kama yule haitakosa kazi ya mtu anayejua spika. Nimetafuta namba yake. Nimeweka kidole.

Halafu nikawaza. Mwanamume akipiga mwenyewe anaonekana ameshindwa. Yafaa habari zimfikie kutoka kwa mtu wa tatu, asiye na upande, mwenye heshima yake.

Miwani atamwandikia barua! Kila mtu anamwamini Miwani. Ataandika kwamba ana wasiwasi nami. Kwamba nimekonda. Kwamba kazini natazama ukuta, na chakula sikigusi kabisa tangu Jumamosi. Mke wangu atapiga mwenyewe, atasema njoo, nami nitakubali kwa shingo upande. Miwani bado sijamwambia, ila rasimu nimeshamwandikia, kazi yake itakuwa kunakili tu. Kurasa mbili na nusu. Hapo kwenye kukonda nimepaandika kwa hisia kiasi kwamba njaa imenishika, nikaenda kujiongezea sahani ya pili ya wali.

Rasimu imeingia doa la mchuzi karibu na sahihi. Nimelitazama kwa mbali na kwa karibu. Nitamwambia Miwani aliache palepale. Litapita kama chozi.